Je, wajua kwa nini maandishi ya kale ya nyuki nchini Poland yalikuwa ya sheria?

Ukifungua maandishi ya zamani ya Kipoland kuhusu kazi ya nyuki ukitarajia kufundishwa namna ya kurina asali, utakutana na hukumu. Mwaka 1559 Krzysztof Niszczycki, aliyesimamia eneo la Przasnysz kaskazini mwa Warszawa kwa niaba ya mfalme, aliandika kanuni za warina asali wa misitu ya huko. Mwaka 1616 Stanisław Skrodzki akaandika nyingine kwa ajili ya eneo jirani la Łomża. Humo utasoma nani anarithi mti, nani anaruhusiwa kuuza, alama ya nani imefutwa, na mwizi afanywe nini. Mwizi wa nyuki alinyongwa.

Kwa nini waanze na mahakama? Jibu liko kwenye mti wenyewe. Katika misitu ya Mazowsze, jimbo zilimo Przasnysz na Łomża, nyuki hawakuwekwa kwenye mzinga wa kutundikwa kama ule wa gogo unaojulikana Tabora. Mrina alipanda msonobari ulio hai, akachonga pango ndani ya shina, mita kadhaa kutoka ardhini, akaliacha likauke, kisha akasubiri kundi la nyuki liingie lenyewe. Mbele ya mlango aliziba kwa ubao. Mara nyingine alining'iniza gogo zito kwa kamba mbele ya tundu. Dubu akija kutafuta asali hulisukuma, gogo linakwenda na kurudi likimpiga, naye akikasirika analisukuma kwa nguvu zaidi. Mwisho wake huwa chini.

Sasa fikiria umiliki wake. Msitu ni wa mfalme, pango ni la mrina, na mti ni mmoja. Mrina alilipa kodi ya asali, akachonga alama ya ukoo wake kwenye gome, na haki hiyo ikapita kwa watoto wake. Miti 60 ya namna hiyo ilihesabiwa kuwa fungu moja kamili. Hapakuwa na uzio wala mlinzi, na mwenye shoka angeweza kufuta alama ya mwenzake mchana kweupe bila kuonekana na mtu. Halafu nta ilikuwa mali hasa: kanisa lilihitaji mishumaa mwaka mzima, na wafanyabiashara waliipeleka nta hiyo mbali. Ndiyo maana warina walikuwa na mahakama zao wenyewe na wazee wao wa kuamua kesi. Jinsi ya kuchonga pango au kupanda kwa kamba haikuandikwa kwa kuwa hakuna aliyeigombania. Mtoto alijifunza kwa kumfuata baba yake msituni.

Nenda kusini-mashariki, hali inabadilika. Mwaka 1614, katika mji wa Zamość ambako kulikuwa na chuo na kiwanda cha uchapaji, kilitoka kitabu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha Kipoland cha kufundisha ufugaji nyuki. Aliyekiandika ni Jan Ostroróg, gavana wa Poznań aliyekuwa na makazi Komarno karibu na Lwów (leo Lviv, Ukraine), naye alisema wazi kwamba maarifa ameyapata kwa Walenty Kącki. Huku mizinga ilikuwa imepangwa uani, kwenye shamba la bwana mkubwa. Mwenye ardhi na mwenye nyuki ni mtu yuleyule, hivyo swali la “ni za nani?” lilikuwa limekwisha kujibiwa. Kilichobaki ni namna ya kuzitunza zizae zaidi. Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya fasihi hii yote: kila eneo liliandika lile lililowasumbua watu wake.

Karne ya 18 ikaleta mapadri. Krzysztof Kluk, paroko wa Ciechanowiec katika eneo la Podlasie, alichapisha mjini Warszawa kati ya 1779 na 1780 juzuu nne kuhusu wanyama wa kufugwa na wa porini, wadudu wakiwemo. Muda mfupi baadaye nchi yenyewe ikatoweka kwenye ramani. Kwa awamu tatu, mwaka 1772, 1793 na 1795, Prussia (dola ya Kijerumani), Urusi na Austria ziliigawana, na hadi 1918 mwandishi wa Kipoland alikuwa chini ya serikali ya kigeni, yenye lugha yake na mkaguzi wake wa vitabu.

Ugunduzi mkubwa kuliko yote, hata hivyo, ulitoka kwa Kijerumani. Jan Dzierżon alizaliwa 1811 Łowkowice, katika Silesia iliyokuwa chini ya Prussia hata kabla ya migawanyo hiyo, akawa padri wa kijiji cha Karłowice. Mwaka 1838 alitengeneza mzinga ambao masega yake yangeweza kutolewa moja moja, na kwa mara ya kwanza akaweza kufuatilia kwa utulivu mambo ya ndani ya kundi. Mwaka 1845, katika jarida la Kijerumani la wafuga nyuki, akatangaza kwamba nyuki dume hutokana na mayai ambayo hayajarutubishwa. Yaani dume hana baba. Wengi walimcheka. Kisha akaleta nyuki wa Italia wenye rangi ya manjano. Malkia wa Kiitalia aliyepandwa na madume weusi wa kienyeji alizaa vibarua wenye rangi mchanganyiko, lakini madume wake wakatoka Waitalia watupu. Mwaka 1856 mtaalamu wa Kijerumani Carl von Siebold aliyachunguza mayai kwa hadubini akakubaliana naye. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Silesia ilipoingia Poland, mji uliokuwa ukiitwa Reichenbach ulipewa jina la Dzierżoniów. Wajerumani nao wanamhesabu kuwa wao, na kwa kuangalia vitabu vyake hawakosei sana.

Upande wa Austria ulipumua zaidi. Lwów ilikuwa na chuo kikuu kilichofundisha kwa Kipoland, na mwaka 1875 profesa wa mimea Teofil Ciesielski alianzisha huko jarida la wafuga nyuki, Bartnik Postępowy, maana yake mrina asali wa kimaendeleo. Jina hilo lina kejeli kidogo, maana warina wenyewe wa msituni walikuwa wakififia. Mwaka 1888 serikali ya Urusi ilipiga marufuku kazi yao katika msitu wa Białowieża.

Pengo la zile sheria za kale lilikuja kuonekana mwanzoni mwa karne hii, watu wa misitu wa Poland walipotaka kuifufua kazi hiyo. Kanuni za 1559 na 1616 zilikuwepo, zinasomeka, na ndani yake hakuna anayeelezea kuchonga pango. Ikabidi wafundishwe na Wabashkiri wa Urusi, karibu na milima ya Ural, ambao hawakuwahi kuiacha. Mapango mapya yakachongwa katika msitu wa Spała, na mwaka 2020 UNESCO ikaiweka kazi hiyo, kwa maombi ya pamoja ya Poland na Belarus, kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.