Sindano ya goti haibaki gotini: steroidi, umbo la mwili na nguvu zako

Kichupa cha triamsinoloni, steroidi inayochomwa kwenye viungo vinavyouma, kikiachwa mezani kwa muda hujitenga: juu maji, chini unga mweupe uliotuama, kama tui lililosahauliwa bakulini. Ndiyo maana hutikiswa vizuri kabla dawa haijavutwa. Asiyetikisa humpa mgonjwa maji na kuiacha dawa chupani. Unga ule ni chembechembe zisizoyeyuka upesi. Zikishaingia gotini hukaa humo na kuachia steroidi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Deksamethasoni ya sindano, steroidi nyingine, ni angavu kama maji ya kisima. Hiyo huingia kwenye damu haraka, na kazi yake huisha ndani ya siku chache.

Nimeanza na kichupa kwa sababu maswali mengi ninayoulizwa kuhusu sindano za viungo yanahusu sehemu zilizo mbali na kiungo chenyewe. "Dokta, mbona uso umefura?" "Mbona siku tatu za mwanzo usingizi haukuja kabisa, na sasa hata kufagia uwanja siwezi?" "Tumbo limejaa, lakini mapaja yamekwisha." Anayeuliza hahusishi hayo na sindano, maana sindano ilipigwa gotini. Lakini utando unaofunika kiungo kwa ndani umejaa mishipa midogo ya damu, na dawa hupita humo taratibu mpaka ikaenea mwili mzima.

Tupige hesabu. Juu ya kila figo pana tezi ndogo inayotengeneza kotisoli, yaani steroidi ya mwili wenyewe. Mtu ambaye tezi zake hazifanyi kazi tena hupewa haidrokotisoni, yaani kotisoli iliyotengenezwa kama dawa, kiasi cha miligramu 15 hadi 25 kwa siku kuziba pengo hilo. Tuchukue 20 kuwa mahitaji ya siku moja. Triamsinoloni miligramu 40, ambayo ni dozi ya kawaida ya goti, ina nguvu sawa na prednisoloni (steroidi ya vidonge) miligramu 50 au haidrokotisoni miligramu 200. Hayo ni mahitaji ya siku 10, ndani ya mililita moja. Ukichomwa magoti yote mawili siku hiyohiyo, ni siku 20. Mkulima wa mwani wa Paje au mchumaji karafuu wa Pemba anayechomwa magoti mawili na bega juu yake amepewa dawa ya mwili mzima, hata kama ameambiwa ni "kisindano cha maumivu tu".

Sizipingi sindano hizi. Goti lililojaa maji au bega lililoganda hupata nafuu ya kweli, mara nyingi kwa wiki kadhaa, na nafuu hiyo humpa mtu nafasi ya kufanya mazoezi ambayo maumivu yalikuwa yanamzuia. Dozi moja kwa mtu asiye na sukari mara nyingi hupita bila kuacha alama. Kinachobadilisha mwili ni kurudiarudia.

Sasa nguvu. Siku ya kwanza hadi ya tatu mtu hujihisi mwepesi. Uso huwaka joto na kuwa mwekundu, au kwa ngozi nyeusi huhisi moto tu. Njaa huja, maneno huwa mengi, usingizi hukata. Kotisoli ya kawaida hupanda alfajiri, hufika kileleni karibu saa 2 asubuhi na kushuka chini kabisa karibu saa 6 za usiku. Huo mshuko ndio unaoruhusu usingizi. Dawa iliyomo gotini haijui usiku wala mchana. Wakati huohuo ini limeagizwa kumwaga sukari kwenye damu, na sehemu ya sukari hiyo imetengenezwa kwa protini ya misuli yako.

Huku ubongo, ukishaona steroidi imejaa kwenye damu, huacha kuziamrisha tezi za juu ya figo. Tezi hulala. Baada ya sindano moja kubwa usingizi huo unaweza kudumu wiki moja hadi nne, na zikirudiwa huwa mrefu zaidi. Dawa ikiisha kabla tezi hazijaamka, mtu hubaki katikati: uchovu usioisha kwa kulala, kichefuchefu, kizunguzungu akisimama, hamu ya chakula kupotea, viungo vyote kuuma hata visivyokuwa na ugonjwa. Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Wengi wanaofikia hali hii hudhani maradhi ya goti yamerudi, wakaenda kuomba sindano nyingine. Wakishachomwa hupona siku ileile, si kwa sababu goti limetibiwa, bali pengo la kotisoli limezibwa. Tezi nazo huzidi kulala. Mtu akiniambia, "Mimi bila sindano kila mwezi siwezi kuinuka," kabla ya kuligusa goti humpeleka apimwe kotisoli ya damu saa 2 asubuhi. Kipimo cha alasiri hakitufai, kwa kuwa alasiri kiwango huwa kimeshuka kwa kila mtu.

Kuhusu umbo la mwili, tutenganishe maji, mafuta na misuli, kwa sababu mizani huvichanganya vyote. Kilo moja ya mafuta inahitaji takriban kilokalori 7,700 za ziada. Kwa hiyo ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, hayo si mafuta; ni maji, na chakula kilichomo tumboni. Haidrokotisoni na prednisoloni hushikilia chumvi na maji zaidi, ilhali triamsinoloni na deksamethasoni hushikilia kidogo sana. Kwa wiki hizo punguza ng'onda, achari na chumvi ya mezani, hasa ukiwa na presha.

Mafuta huja polepole, kwa njaa ile na kwa insulini kupanda, na yana mahali pake: mashavu, shingo kwa nyuma hadi pakafanya kinundu, juu ya mfupa wa mtulinga, na tumbo. Mikono na miguu hainenepi. Mtu akipendeza uso na kujaa tumbo huku miguu ikiwa myembamba, huko siko kunenepa kwa afya, hata kama majirani wanamsifu. Ngozi nayo huwa nyepesi, hupata michirizi ya zambarau tumboni, na hufanya alama za damu kwa kugongwa kidogo.

Misuli ndiyo hasara kubwa, na ndiyo isiyoonekana mapema. Steroidi huongeza uvunjaji wa protini ya msuli na kupunguza ujenzi wake. Triamsinoloni na deksamethasoni ni miongoni mwa zinazoongoza kwa hili. Misuli inayoathirika kwanza ni ya mapaja, nyonga na mabega, bila maumivu. Mkono wa kukamata bado una nguvu, ndiyo maana mtu hajitambui. Kipimo kizuri kimo jikoni: kaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kunja mikono kifuani, kisha inuka bila kushika kitu. Aliyekuwa akiinuka bila kufikiri, na sasa analazimika kujisukuma kwa mikono juu ya mapaja, misuli yake imepungua. Dalili nyingine ni kushindwa kuinuka kutoka kwenye sijda bila kuegemea mkono, na kuvuta mwili kwa kamba ya ngazi katika nyumba za Mji Mkongwe. Kama goti lenyewe haliumi wakati huo, usilisingizie.

Misuli hurudi sindano zikisimama, ila kwa wiki na miezi. Pumzisha kiungo siku moja au mbili baada ya sindano, halafu anza: kuinuka na kuketi kwenye kiti mara 10, duru tatu, siku tatu kwa wiki. Protini lenga gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 kwa siku. Kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100 kina kama 20 hadi 25, yai moja 6, kikombe cha kunde au choroko zilizopikwa kama 14. Chai ya sukari na maandazi asubuhi, wali mkavu mchana, mkate usiku: kwa mlo huo msuli hautajengeka. Mwenye maradhi ya figo azungumze na daktari wake kabla ya kuongeza protini.

Neno moja kwa vijana wa jimu. Steroidi za kujenga misuli ni za jamii ya testosteroni, na madhara yake ni mada nyingine kabisa. Hizi za viungo hula misuli. Jina ni moja, kazi ni kinyume.

Palipochomwa pia panaweza kubonyea na kufanya baka jeupe, hasa kwenye kiwiko, kifundo cha mkono na mahali pengine ambapo ngozi iko karibu na mfupa. Huonekana baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na hufifia kwa miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Kwa wanawake hedhi inaweza kuvurugika kwa mwezi au miwili.

Mwenye sukari ajiandae. Kiwango hupanda kuanzia siku ya kwanza na hukaa juu kwa siku mbili hadi saba. Usipime asubuhi tu kabla ya kula, kwani kipimo hicho kinaweza kuwa kizuri huku cha jioni kikiwa kimepaa. Pima pia muda wa saa mbili baada ya mlo, kwa wiki nzima. Ukiona zaidi ya 15 (mmol/L) mara mbili mfululizo, au kiu kali na kutapika, nenda hospitali siku hiyo. Ndiyo maana sipendi kumchoma mgonjwa wa sukari katika wiki ya mwisho ya Shaaban wala ndani ya Ramadhani: atafunga kwa kiu kali, na futari yenyewe ni tende, uji wa sukari na mkate wa kumimina. Kama goti linasubirika, tufanye mapema au baada ya Sikukuu.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ugenini hulitaja kwa mstari mmoja. Unguja na Pemba wapo watu wenye mnyoo uitwao strongiloidi, ambao hupenya unyayoni kutoka kwenye udongo na unaweza kuishi mwilini miaka mingi kwa kujizalisha humohumo. Steroidi nyingi huuachia ukazaana bila kizuizi na kusambaa hadi mapafuni, na hali hiyo huua. Albendazoli inayogawiwa skuli ni dhaifu dhidi yake; dawa yake ni ivamektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo, yaani miligramu 12 kwa mtu wa kilo 60. Mgonjwa anayelima mpunga au kutembea peku bondeni, na anayetarajiwa kupewa steroidi mara kwa mara, napendekeza apimwe au atibiwe kabla.

Wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri wataje kabla ya sindano, bila haya. Ritonaviri huzuia ini kuivunja triamsinoloni, na sindano moja tu inaweza kuufura uso na kuzilaza tezi kwa miezi. Taja pia krimu za kung'arisha ngozi na vidonge vya kuongeza mwili, kwa sababu vingi vina steroidi ndani, nazo huingia kwenye hesabu ileile. Unga wa "mitishamba" unaoondoa maumivu ya viungo yote kwa siku moja nautilia shaka kubwa. Katika nchi nyingi unga kama huo umekutwa umechanganywa na deksamethasoni.

Mpaka ninaoushika ni miezi mitatu kati ya sindano na sindano kwa kiungo kimoja, na zisizidi tatu au nne kwa mwaka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017 uliwafuata watu 140 wenye magoti yaliyolika. Waliochomwa triamsinoloni miligramu 40 kila wiki 12 kwa miaka miwili walipoteza gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kiungoni, zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa na tofauti. Sindano ikiwa haikusaidia mara ya kwanza na ya pili, ya tatu sioni sababu yake.

Andika kila sindano kwenye daftari la kliniki: tarehe, jina la dawa, miligramu, kiungo. Kisha onesha daftari hilo kabla ya upasuaji wowote, hata wa jino. Anayekunywa vidonge vya steroidi kwa zaidi ya wiki tatu asiache ghafla. Na yeye, au aliyechomwa mara tatu au zaidi ndani ya mwaka, akipata homa kali, kutapika au kuharisha, kisha akalegea na presha ikashuka, asisubiri asubuhi wala boti. Afikishwe kituo cha afya kilicho karibu, na anayempeleka aseme neno hili mlangoni: "Huyu ametumia steroidi." Anahitaji haidrokotisoni miligramu 100 papo hapo, kwenye mshipa au kwenye msuli, na dripu ya maji ya chumvi, kabla majibu ya maabara hayajatoka.