Je, wajua kwa nini tundu lililo wazi kwenye ekzosi huvuta hewa ndani?

Mtu akiona tundu tupu kwenye ekzosi ya gari hupiga hesabu nyepesi: injini inasukuma, moshi unatoka, basi penye tundu utapitia hapo. Ubaya wake utakuwa kelele na harufu. Hivyo ndivyo nilivyomjibu jirani yangu hapa Mwanakwerekwe, Unguja, dereva anayechukua wageni kati ya mjini na Nungwi. Ekzosi yake ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu, akanunua bomba jipya ambalo halikutoka kwa waliounda gari. Lilikuwa na vipete viwili vya chuma vilivyochomelewa ubavuni, kila kimoja kina tundu lenye hesi ndani, yaani mifereji ya kuzungushia kama ya boliti. Kimoja kikaingia sensa, kile kifaa kinachoupima moshi na kuipa habari kompyuta ya gari. Kingine, kilichokuwa karibu zaidi na injini, kikabaki wazi.

"Kaka, hili la pili tulizibe au tuliache?"

Nikamwambia aliache, litapiga kelele kidogo tu.

Jawabu langu lilikuwa kosa, na lilimtia hasara. Baada ya siku chache taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, na petroli ya kiasi kilekile ikawa haimfikishi alikozoea. Fundi alipochomeka mashine ya kusomea akapata namba ya kosa P0171, ambayo maana yake ni kwamba kompyuta inaona hewa imezidi na petroli haitoshi. Kisha akafungua plagi. Zilikuwa nyeusi kwa masizi, dalili ya petroli iliyozidi. Kompyuta inasema petroli ni chache, plagi zinasema ni nyingi. Hapo ndipo mafundi wengi huanza kubadilisha vipuri kimoja baada ya kingine, sensa ya hewa, nozeli, pampu, na mwenye gari analipa kila mara. Nilipoanza kuifuatilia habari hii nikaona kwamba kompyuta na plagi zote zilikuwa zinasema kweli, ila kila moja ilikuwa inatazama upande wake.

Tundu lenyewe halina siri. Waunda mabomba ya kuuza kwa watu wa magari mbalimbali huchomelea vipete viwili au vitatu ili bomba moja lifae magari mengi, au ili mwenye gari aweze kuweka sensa ya ziada ya kupimia mchanganyiko wa hewa na petroli. Usichokitumia ni juu yako kukiziba, na mara nyingi bomba huja bila kizibo.

Kosa langu lilianzia kwenye neno "kusukuma". Nilikuwa nikidhani moshi hupita kwenye ekzosi kama maji kwenye mpira wa kumwagilia bustani, mkondo mmoja usiokatika. Ingekuwa hivyo, tundu lingekuwa la kutoa tu. Lakini injini haitoi moshi kwa mkondo. Inatoa kwa mapigo. Kila silinda hufungua vali, yaani mlango wake wa moshi, hupuliza mara moja kwa nguvu, kisha hufunga. Injini ya silinda nne ikiwa imetulia kwenye mizunguko 750 kwa dakika hutoa mapigo 25 kila sekunde. Kati ya pigo na pigo kuna pengo, na shughuli yote ya tundu letu iko kwenye pengo hilo.

Nenda pwani penye majabali yaliyochimbwa na bahari kwa chini, yale yenye tundu juu. Wimbi likiingia chini ya jabali, hewa inatolewa kwa juu kwa kishindo, na ukiweka mkono unahisi upepo na matone. Wimbi likirudi, tundu lilelile linanyonya. Ukiweka jani kavu pale linamezwa. Hakuna aliyekuja na pampu ya kunyonya. Ni maji yaleyale yaliyosukuma, sasa yanaondoka na kuacha nafasi, na hewa ya nje inakimbilia kuijaza. Mtu akipiga picha ya jabali wakati wimbi linaingia ataapa kwamba tundu lile ni la kutoa hewa. Hajakosea kuhusu picha yake, ila hakusubiri wimbi lirudi.

Ndani ya ekzosi ni hivyohivyo. Fungu la moshi linalotoka kwenye silinda lina uzito wake na linakwenda kwa kasi. Vali ikishafungwa nyuma yake, fungu halisimami ghafla; linaendelea na safari na kuacha nyuma yake sehemu yenye mgandamizo mdogo, kama jahazi linavyoacha bonde la maji nyuma ya shetri ambalo maji ya pembeni hulikimbilia. Tena kuna mwangwi. Pigo likifika mahali bomba linapofunguka au kupanuka, sehemu ya nguvu yake hurudi kuelekea injini, na hurudi imegeuka, haisukumi tena bali inavuta. Kwa nukta hizo fupi mgandamizo ndani ya bomba hushuka chini ya ule wa hewa ya nje. Tundu likiwa wazi, hewa safi huingia.

Aliyetilia shaka, kama nilivyotilia mimi, na aangalie pikipiki. Baadhi ya pikipiki zina bomba dogo linalotoka kwenye kisanduku cha chujio la hewa hadi kwenye mlango wa moshi wa injini, na katikati yake kuna vali yenye ulimi mwembamba wa chuma. Hakuna pampu. Mapengo ya moshi yenyewe huuvuta ule ulimi ukafunguka, hewa safi ikaingia kwenye moshi wa moto kumalizia kuunguza petroli iliyobaki, na pigo linalofuata likaufunga. Wahandisi walilitambua jambo hili zamani wakalifanyia kazi ya maana. Tundu la jirani yangu lilikuwa linafanya kazi hiyohiyo, bila ulimi na bila kuombwa.

Sasa hewa imeingia. Ina ubaya gani? Hapa kuna kosa la pili ambalo watu wengi tunalo: tunadhani sensa ya ekzosi inanusa petroli. Hainusi petroli hata kidogo. Inapima oksijeni basi. Ndani yake mna kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia, upande mmoja kinaguswa na moshi, upande mwingine na hewa ya kawaida ambayo karibu asilimia 21 yake ni oksijeni. Kikishapata joto la kutosha, kama nyuzi 300 za Selsiasi na kuendelea, tofauti ya oksijeni baina ya pande mbili hizo huzalisha umeme mdogo. Moshi usio na oksijeni hutoa karibu volti 0.9, wenye oksijeni iliyosalia hutoa karibu volti 0.1. Sensa hizi zilitengenezwa na Bosch, na Volvo ikaanza kuzitumia kwenye magari iliyouza Marekani mwaka 1976. Tangu hapo kompyuta ya gari imekuwa ikiamini kile volti hizo zinachosema.

Kompyuta inatafuta uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Ikiona oksijeni imebaki kwenye moshi, inaamua kwamba petroli ilikuwa chache, inaongeza. Lakini oksijeni iliyopita mbele ya sensa ya jirani yangu haikutoka kwenye silinda. Iliingia kutoka nje, kwenye tundu. Kompyuta ikaongeza petroli, tundu likaendelea kuleta hewa, ikaongeza tena, mpaka ikafika mwisho wa kiwango inachoruhusiwa na kuwasha taa. Ndiyo maana plagi zilikuwa nyeusi huku mashine ikisema petroli haitoshi. Mfano wake ni mpishi anayeonja mchuzi kwenye kijiko kilichobaki na maji: kila akionja anauona umepungukiwa chumvi, anaongeza, na sufuria nzima inaharibika kwa ajili ya maji yaliyokuwa kwenye kijiko.

Si kila tundu linafanya hivi kwa kiasi kimoja, na hili lazima lisemwe ili mtu asije akalaumu tundu kwa kila ugonjwa wa gari. Tundu lililo kabla ya sensa ya kwanza, au karibu nayo sana, ndilo lenye madhara kwenye mchanganyiko. Likiwa nyuma kabisa, karibu na sailensa, mapigo yamekwisha kulainika na sensa haisikii kitu; hapo kweli utabaki na kelele. Injini ikiwa taratibu hewa hupata nafasi ya kuingia. Ukikanyaga mafuta moshi hujaa na tundu hutoa kuliko kuvuta. Ukiachia mafuta ghafla, hewa ikikutana na petroli isiyoungua ndani ya bomba la moto, utasikia milio ya kupasuka pasuka.

Na moshi unaotoka nao si wa kuudharau. Kabla ya kupita kwenye masega, yaani kile kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi, moshi unabeba kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dereva anayesubiri wageni bandarini Malindi, vioo juu, kipoza hewa kinafanya kazi, na tundu liko chini ya miguu yake, yumo hatarini kweli. Hili nalo nilikuwa sikulifikiria nilipotoa lile jawabu langu.

Kuhusu kuziba. Tundu la sensa kwa kawaida lina upana wa milimita 18, na umbali wa hesi hadi hesi ni milimita 1.5. Boliti ya kawaida ya milimita 18 ina hesi za milimita 2.5, itaanza kuingia, itakaza, na ukiilazimisha inakula hesi za kipete. Magari mengi ya Toyota ya zamani kidogo yana sensa inayofungwa kwa nati mbili kwenye kibamba badala ya kuzungushwa, na hayo yanahitaji kibamba cha chuma na gasketi yake. Usitumie silikoni ya kuzibia: bomba karibu na injini huweza kupita nyuzi 600 gari ikifanya kazi nzito, silikoni ya kawaida haifiki huko, na mvuke wake huacha utando kwenye sensa ukaiua. Kitambaa, gundi na kipande cha kopo la soda havidumu. Aluminiamu yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660.

Kizibo kizuri kuliko vyote tulikipata bure kwenye ndoo ya chuma chakavu cha gereji: sensa iliyokufa. Ina hesi zilezile, ina washa yake, na imeundwa kwa joto lile. Fundi akakata nyaya, akapaka hesi grisi ya shaba inayovumilia moto, kwa sababu chumvi ya hewa yetu hushikanisha chuma na chuma mpaka spana inateleza, kisha akaikaza. Akafuta namba ya kosa. Jirani yangu akaendesha hadi Bububu na kurudi, mashine ikachomekwa tena, na marekebisho ya petroli yaliyokuwa yamepanda hadi juu yalikuwa yameshuka karibu na sifuri.