Saratani ya Titi Katika Hatua za Mwanzo: Je, Kila Mgonjwa Atolewe Tezi za Kwapani?

Mwanamke anayegundulika na saratani ya titi ikiwa bado ndogo huambiwa kwamba siku ya upasuaji daktari atafika hadi kwapani. Wengi hushangaa, kwa kuwa uvimbe uko kwenye titi na kwapani hawahisi chochote. Wana haki ya kuuliza, na jibu tunalowapa leo si lile walilopewa mama zao.

Majimaji ya limfu yanayotoka kwenye titi hupitia zaidi kwenye tezi za kwapani, hivyo chembe za saratani zikianza kusambaa, mara nyingi hukutwa huko kwanza. Zamani tezi hizo ziliondolewa karibu zote. Takriban mwanamke 1 kati ya 5 waliofanyiwa hivyo hubaki na mkono uliovimba, wakati mwingine maisha yote, mbali na ganzi na bega kukakamaa. Kwa mama wa Chamwino au Bahi, mkoani Dodoma, anayelima uwele kwa jembe la mkono, hilo si jambo dogo.

Ndiyo maana siku hizi, pale kwapa linapoonekana salama, hutolewa tezi chache tu zinazopokea majimaji ya titi kabla ya nyingine. Daktari hudunga rangi ya bluu, au dawa yenye mionzi kidogo, karibu na chuchu, kisha huzifuata tezi zilizoipokea, kwa kawaida 1 hadi 3, na kuzipeleka maabara ya patholojia. (Mkojo ukitoka na rangi ya kijani au bluu kwa siku moja hivi, asiogope, ni ile rangi inayotoka mwilini.) Uwezekano wa mkono kuvimba hushuka hadi karibu mgonjwa 1 kati ya 20.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba, hata tezi 1 au 2 kati ya hizo zikikutwa na saratani, wagonjwa waliohifadhiwa titi, wakapata mionzi ya titi zima na dawa, hawakuishi muda mrefu zaidi kwa kuondolewa tezi zilizobaki. Tafiti za Italia mwaka 2023 na za Ujerumani na Austria mwaka 2024 zilikwenda mbali zaidi: kwa baadhi ya wagonjwa, kutogusa kwapa kabisa hakukuleta matokeo mabaya zaidi baada ya miaka 5. Wanaofaa zaidi kwa njia hiyo ni waliofikisha miaka 50 na kukoma hedhi, wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, usio mkali, wenye vipokezi vya homoni (yaani unaochochewa na homoni za mwili) na usio na HER2 nyingi (protini inayochochea saratani kukua), na ambao ultrasaundi ya kwapa haikuonyesha tezi ya kutiliwa shaka.

Hapa ninaomba tahadhari. Karibu wagonjwa wote wa tafiti hizo walibakiziwa titi na wakapata mionzi, ilhali mgonjwa wa Dodoma anayehitaji mionzi huenda akalazimika kusafiri hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na wengi huchagua kutolewa titi lote ili kuepuka safari hiyo. Kwa aliyetolewa titi lote, tezi zile chache bado zinafaa kupimwa, kwa sababu majibu yake ndiyo yanayosaidia kuamua kama mionzi inahitajika. Vivyo hivyo kwa mwanamke kijana, au kwa mgonjwa ambaye majibu ya tezi yatabadilisha uamuzi wa kumpa dripu za kemotherapi. Kwa maoni yangu, kuacha kupima bila ultrasaundi nzuri ya kwapa ni kubahatisha.

Tezi ikionekana imevimba kabla ya upasuaji, isihukumiwe kwa kuangaliwa tu. Kifua kikuu, VVU na hata kidonda cha mkononi huleta mitoki kwapani, kwa hiyo ichukuliwe sampuli kwa sindano kwanza. Majibu yakithibitisha saratani, mpango hubadilika, na mara nyingi dawa hutangulia upasuaji. Yakiwa safi na yakilingana na picha ya ultrasaundi, mgonjwa bado anaweza kupimwa tezi chache tu.