Pikipiki Ndogo za Spoti: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Yenye cc nyingi ndiyo yenye nguvu."

Chukua Suzuki GSX-R150 na Royal Enfield Classic 350. Ya kwanza ina cc 147 (cc ni ujazo wa injini), ya pili cc 349. Ukisoma cc peke yake utadhani moja ni mtoto wa nyingine. Kumbe Suzuki hutoa nguvu za farasi 19 hivi na Classic 20 hivi, na Suzuki ina kilo 131 tu dhidi ya 195 za mwenzake. Barabara ikiwa wazi, hiyo ndogo ndiyo itakayokimbia.

Siri iko kwenye mizunguko. Suzuki hufikia kilele chake injini ikizunguka mara 10,500 kwa dakika, Classic mara 6,100. Ila torki, yaani nguvu ya kuzungusha gurudumu, ni habari nyingine: Classic ina Nm 27 mapema kabisa, kwenye 4,000, ilhali Suzuki ina 14 na unazipata kwenye 9,000. Kwa hiyo ukimpakia abiria ukaanza kupanda mlima, Classic inapanda taratibu bila kelele. Ya spoti itakudai ushushe gia moja au mbili na uiache injini ilie. Ukiing'ang'aniza gia ya juu kwenye 3,000, itatetemeka, itakosa pumzi, nawe utasema ni mbovu.

Basi kabla ya kununua uliza nguvu inapatikana kwenye mizunguko mingapi, kisha ujiulize wewe huendesha vipi kila siku. Mwenye foleni na abiria ana jibu tofauti na anayesafiri peke yake.

"Injini inayolia sana haidumu."

Kinachoichosha pistoni hasa ni mwendo wake, na huo hutegemea pia urefu wa safari yake ndani ya silinda. Yamaha R15 ya cc 155 ina safari ya milimita 58.7, kwenye mizunguko 10,000 pistoni huenda wastani wa mita 19.6 kwa sekunde. Yamaha R3 ina silinda mbili zenye safari ya milimita 44.1 tu. Hata kwenye 10,750, wastani ni mita 15.8. Inalia zaidi, lakini pistoni inakwenda polepole zaidi.

Zinazokufa mapema mara nyingi huuawa na oili iliyopungua, maji ya redieta yaliyosahaulika, au mtu kuwasha asubuhi na kuvuta hadi mstari mwekundu, yaani kikomo cha mizunguko, papo hapo. Oili baridi ni nzito na injini haijafikia joto lake la kazi. Kilomita chache za mwanzo usipite nusu ya mizunguko.

"Oili ni oili, hata ya gari inafaa."

Haifai. Klachi ya pikipiki hizi huogelea kwenye oili ileile ya injini, na oili nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano. Klachi inaanza kuteleza: mizunguko inapanda, pikipiki haiongezi mwendo. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama za kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki. Iliyoandikwa MB ni ya skuta, iache.

"Tairi pana la nyuma hushika barabara vizuri zaidi."

Tairi lililozidi rimu hubanwa kingo, uso wake unachongoka katikati, na pikipiki inakuwa nzito kuinamisha kwenye kona. Wakati mwingine linasugua mnyororo. Baki na kipimo cha kiwanda. Shinikizo la upepo, likipimwa tairi likiwa baridi, litakusaidia kuliko huo upana.

"Usukani wa chini utakuvunja mgongo."

Si lazima, na si zote zinalala sawa. Kinachoumia kwanza ni viganja, na huumia zaidi kwenye foleni, kwa sababu kwenye mwendo mkubwa upepo hukubeba kifua. Bana tangi kwa magoti, legeza viwiko. Urefu wa kiti nao uupime kwa miguu yako: R15 ina milimita 815, R3 780. Kaa juu yake ukiwa umevaa viatu vyako vya kuendeshea, dakika kumi nzima, mikono usukanini. Viganja vikianza kufa ganzi hapo dukani, jaribu nyingine.