Teremka tukaze: kabla ya kubana, jua unabana nini

Wanawake wanaokuja kwangu hawaanzi na kilichowaleta. Wanaanza na mgongo. Mgongo unauma, kiuno kinavuta, miguu mizito. Nasikiliza, naandika. Nikishafika nusu ukurasa ndipo mtu anainamisha macho: "Halafu nikikohoa, kuna kitu kidogo..." Hicho kitu kidogo ndicho kilichompandisha daladala mbili na kumvalisha kanga ya pili chini ya baibui.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wagonjwa wangu wengi wana matatizo ya misuli ya sakafu ya nyonga. Waliokulia nyumba yenye kitanda cha kamba watanielewa haraka. Wazee walikiita teremka tukaze: kamba zikilegea, mlalaji anashuka, zinavutwa, anapanda tena. Chini ya nyonga zetu kuna kitanda cha namna hiyo. Misuli yake inatoka mfupa wa kinena mbele mpaka kifandugu nyuma, na juu yake vimelala kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Ukikohoa, ukipiga chafya, ukijitwisha ndoo, tumbo linasukuma chini, na kitanda kinatakiwa kiinuke kidogo kupokea mzigo. Kisipoinuka, mkojo unachuruzika, au ushuzi unatoka bila ruhusa, au unahisi uzito ukeni jioni kama umekalia yai.

Kinacholegeza kamba kinajulikana: mimba, leba ndefu, mtoto mkubwa, kikohozi cha miaka, kujikamua chooni kwa sababu ya choo kigumu, unene, kukoma hedhi. Wanaume nao wamo, hasa baada ya operesheni ya tezi dume.

Dawa ya kwanza ni mazoezi ya kubana. Hapo ndipo nilipokosea.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa nagawa karatasi. Picha mbili, mistari sita, "bana, hesabu mpaka tano, achia", mgonjwa anayefuata. Mama mmoja muuza chapati alirudi baada ya miezi mitatu. "Mwanangu, nimefanya kila siku, sikuruka hata moja. Na sasa kinatoka zaidi." Nikamwomba ruhusa, nikavaa glavu, nikampima kwa kidole, nikamwambia abane. Kidole changu kilisukumwa nje. Miezi mitatu alikuwa akijikamua kama yuko leba. Nilipomuuliza kwa nini, alinishangaa. Watoto watano amezaa, na katika maisha yake yote sehemu ile imepewa amri moja tu: sukuma mama, sukuma!

Baadaye nikajua kosa langu lina wenzake. Mwaka 1991 daktari Richard Bump na wenzake huko Marekani waliwapa wanawake 47 maelezo mafupi ya mdomo, kisha wakawapima. Karibu nusu tu ndio waliobana sawasawa, na robo walifanya jambo ambalo lingeweza kuzidisha kuvuja. Hata Arnold Kegel, daktari wa Los Angeles ambaye mazoezi haya yanaitwa kwa jina lake, hakuwaacha wanawake wabahatishe. Alipoyaandikia mwaka 1948 alikuwa na kifaa chenye saa ya kupimia msukumo, mwanamke akibana anauona mshale ukipanda. Dunia ikashika zoezi, ikasahau saa.

Basi jipime. Lala chali, kunja magoti. Jifanye umekaa jamvini na wakwe na hewa inataka kutoka. Ile namna unavyoizuia, tundu la nyuma likivutwa ndani na juu kuelekea kitovuni, ndiyo yenyewe. Makalio yatulie, mapaja yatulie, pumzi iendelee kuingia na kutoka. Ukiwa na kioo kidogo, angalia pale kati ya uke na njia ya haja kubwa: panatakiwa paingie ndani. Pakivimba kuja kwako, unasukuma. Acha, anza upya. Kisha achia kabisa, kwa sababu msuli usiojua kuachia nao ni mgonjwa. Mwongozo wa Uingereza unasema mibano isiyopungua 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi isiyopungua 3, chini ya uangalizi. Hayo maneno matatu ya mwisho mimi ningeyapiga mstari. Na usijizoeze kwa kukata mkojo katikati. Kibofu hakipendi kuchanganywa.

Jambo la kuanza leo leo: bana kabla ya kukohoa, kabla ya kunyanyua ndoo. Si baada.

Wapo ambao siwaruhusu kubana. Kamba zao zimekazwa kupita kiasi: tendo la ndoa linauma, mkojo unatoka kwa kusitasita. Hao nawafundisha kupumua kwa tumbo na kulegeza, wiki nyingi, kabla ya kitu kingine. Na wapo ambao mkojo hauvuji kwa chafya, unawakimbiza: ufunguo uko mlangoni na tayari nguo imelowa. Kwao naanza na daftari la siku tatu, wameenda chooni saa ngapi, wamekunywa nini. Mara nyingi naona vikombe vitano vya chai ya rangi, na kukojoa "nisije nikabanwa njiani" kila saa. Tunasogeza muda dakika kumi na tano, tukizoea tunasogeza tena.

Niseme na la kuweka shabu ukeni ili pabane, maana naulizwa kila wiki. Shabu inakausha na kuunguza ngozi laini ya ndani, ndiyo maana unahisi pamebana. Msuli haujaguswa. Mkaja wa arobaini siugombi, unamfariji mzazi na kumshika mgongo, ila usifungwe mpaka pumzi ikose pa kwenda, na mtu asikuahidi kwamba utarudisha kizazi.

Kizazi kilichoshuka ndicho kinachoniudhi, kwa sababu wanawake hupewa majibu mawili tu: vumilia, au kitolewe. Kukiondoa kizazi hakukazi kamba. Kuta za uke zinaweza kushuka zenyewe baadaye. Operesheni ina mahali pake, na ikifanywa vizuri inabadilisha maisha. Lakini katikati kuna pesari, kipete laini cha silikoni kinachowekwa ukeni kuinua kilichoshuka. Kinachaguliwa kwa saizi, kinaoshwa, kinarudishwa. Wengine hujitolea na kujiwekea wenyewe. Kisipokaa sawa mara ya kwanza, tunajaribu saizi nyingine. Ukishauriwa operesheni ya kuwekewa wavu kwa njia ya uke, uliza maswali mengi: Aprili 2019 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliagiza kampuni ziache kuuza nyavu hizo kwa ajili ya ukuta wa mbele wa uke ulioshuka.

Mkojo unaochuruzika mchana na usiku, bila kikohozi, bila kuinua kitu, baada ya uchungu wa muda mrefu: huo usiufanyie mazoezi hata siku moja. Yaelekea ni fistula, yaani tundu, na tundu halikazwi. Nenda hospitali mapema, maana dogo lililogunduliwa mapema huweza kuziba kwa mpira wa mkojo peke yake, lililobaki linashonwa. Dar es Salaam iko hospitali ya CCBRT, ambayo iliwahi kutuma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa ili wa mbali wasikwame vijijini. Bukavu, Kongo, iko hospitali ya Panzi, ya Dkt. Denis Mukwege.

Yule mama wa chapati tulianza naye upya, kidole kwa kidole, mpaka siku aliyocheka: "Kumbe ni kuvuta!" Kuvuja kulipungua sana. Uzito wa jioni haukuisha, tukamwekea pesari. Ndoo sasa anajaza nusu, na unga anakandia mezani badala ya kuchuchumaa na karai sakafuni. Mwezi uliopita alikuja na mdogo wake. Nikamwitikia shikamoo yake, nikamuuliza kilichomleta.

Akasema anaumwa mgongo.