Si Kila Bunju Anataka Chumvi

Wafugaji wa samaki wamerithishana ushauri huu miaka nenda rudi: ukinunua bunju (yule samaki anayejivimbisha akitishwa), tia chumvi kwenye tangi. Unamfaa mmoja, unamtesa mwingine.

Bunju kibete wa Kerala, India, mwenye urefu wa sentimita 3 hivi, kwao ni maji yasiyo na chumvi kabisa. Vivyo hivyo bunju aitwaye mbu (ni jina tu, si mdudu) wa Mto Kongo na Ziwa Tanganyika, ambaye hupita sentimita 60 (huyo, kwa maoni yangu, si wa kufugwa sebuleni).

Anayeleta mkanganyiko ni yule mwenye mgongo wa kijani wenye madoa meusi ya mviringo na tumbo jeupe. Akiwa mdogo huuzwa kama samaki wa mtoni, na huvumilia. Akikua bila chumvi hudhoofika, maana asili yake ni milangoni mwa mito, bahari inapokutana nayo. Kwa hiyo tazama mgongo kwanza, ndipo ushike chumvi.

Ila wote meno yao hukua maisha yote. Wape konokono wenye gamba: bunju humzunguka taratibu, macho yakicheza kila moja upande wake, kisha kau!