Jazz ya mchanganyiko: wapigaji wametokea wapi, na yale mnayoyasema mtaani

Hapa Mbeya bendi yoyote ikipanda jukwaani na saksafoni, iwe hotelini Forest au harusi ya watu wazito kule Uyole, lazima atokee mtu wa kukusimulia historia ya wapigaji wote, na robo tatu ya anayosema kaokota tu. Eti hawa wamesomea jazz Ulaya, eti yule wa gita ni mtu wa sebene kaja kujazia nafasi, eti yule wa tromboni katokea kanisani kwahiyo msitegemee kitu. Nimechoka kubishana kwa mdomo, acha niandike, na sitaenda kwa mpangilio maana nyingine zinaniudhi kuliko nyingine.

"Bendi ya jazz, basi wote humo ni watu wa jazz"

Sio kweli, na kwenye bendi za mchanganyiko, zile zinazochanganya jazz na roki au miziki mingine, ndo sio kweli kabisa. Chukua Mahavishnu Orchestra, kile kikosi cha kwanza cha 1971 kule New York. Watu watano na kila mmoja kazaliwa nchi yake: John McLaughlin wa gita Mwingereza, Billy Cobham wa drams kazaliwa Panama, Jan Hammer wa kinanda katokea Prague, Rick Laird wa besi mtu wa Dublin, Jerry Goodman wa violini Mmarekani. Sasa angalia walikopita. Cobham alishapiga kwenye bendi ya jeshi la Marekani, na ukimsikiliza ule mkono wa sneya (ile ngoma ndogo kali ya kwenye drams) wa paredi upo pale pale haujaenda popote. Goodman alitoka kwenye bendi ya roki. Hammer mama yake alikuwa mwimbaji wa jazz hukohuko Czechoslovakia, Laird alikuwa anapiga besi kwenye klabu ya Ronnie Scott London, akija staa kutoka Marekani yeye ndo anamsindikiza. Yaani kati ya hao watano huwezi kupata wawili waliolelewa na muziki uleule, na ndo maana ile bendi haikufanana na nyingine.

Weather Report, bendi nyingine ya mchanganyiko, nayo hivohivo. Joe Zawinul, yule mzee wa vinanda, alizaliwa Vienna 1932 na ala yake ya kwanza ilikuwa akodiani. Akodiani! Ile ambayo sisi tukiiona tunaona ya wazungu wa kwenye mabonanza ya bia. Mwenzake Wayne Shorter alianzia klarineti kabla ya saksafoni, na alimaliza digrii ya ualimu wa muziki New York University 1956.

"Wakongwe wa jazz hawakusoma, ni kipaji tu" na kaka yake, "bila noti hupigi jazz"

Hizi mbili naziweka pamoja maana mtu mmoja anaweza kuzisema zote kwa siku moja bila kuona aibu. Miles Davis wa tarumbeta, ambaye baba yake alikuwa daktari wa meno, alipelekwa chuo cha muziki cha Juilliard 1944, akaiacha mwaka uliofuata akawa anapiga na Charlie Parker wa saksafoni, lakini alishaingia darasani na alishakaa na noti. Upande wa pili Wes Montgomery, ambaye wapiga magita wa jazz mpaka leo wanamwangalia kama baba yao, hakuwa msomaji wa noti, alikaa na sahani za santuri za mpiga gita Charlie Christian akazinyonya moja moja kwa sikio. Erroll Garner wa piano naye noti hapana, na wimbo wake Misty wa 1954 unapigwa dunia nzima mpaka na hao wenye digrii.

Kwahiyo kwenye bendi moja unaweza kukuta msomi na wa sikio wamesimama bega kwa bega, na shida inayotokea sio nani bora. Shida ni lugha ya mazoezini. Mfano mdogo: tarumbeta ya kawaida ni ya Bb, yaani noti inayoandikwa C kwake inatoka Bb ya kinanda, kwahiyo mpiga kinanda akisema "C", mwenye tarumbeta anatakiwa asome D ndo sauti zikutane. Aliyesoma anageuza kichwani haraka, wa sikio anaitafuta kwa mdomo sekunde mbili tatu na anaipata, na wote wakishafika hapo huwezi kujua yupi ni yupi. Wa sikio mara nyingi anakumbuka wimbo mzima baada ya kuusikia mara mbili, huyu msomi bado anatafuta karatasi yake ilipoangukia.

"Ametokea kwaya, ametokea tarumbeta za kanisa, huyo jazz ataiweza wapi"

Hii sasa ndo inayoniudhi, na inasemwa na watu wa huku huku Nyanda za Juu Kusini ambao wangetakiwa wawe wa mwisho kuisema. Wamoravian wamefika Rungwe 1891, na popote walipokwenda hawa watu hawaachi matarumbeta nyumbani. Nenda Tukuyu Pasaka, nenda Rungwe kwenye sikukuu yoyote kubwa, utakuta vijana na wazee na matarumbeta na matromboni wanapiga tenzi kwa sauti nne, sauti ya kwanza mpaka ya nne, asubuhi ya baridi ile ambayo midomo yenyewe haitaki kufunguka. Walutheri wa Njombe na Iringa nao wana bendi zao za aina hiyo. Mtoto aliyekulia pale akiwa anapiga sauti ya tatu kwa miaka, yeye hasikii wimbo kama mimi na wewe tunavyousikia, sisi tunafuata kinachoimbwa juu, yeye anasikia kinachotembea katikati. Na jazz kazi yake kubwa iko hapohapo katikati, pale ambapo sauti moja ikishuka nusu hatua rangi ya wimbo wote inabadilika. Mtu wa solfa anayejua "ti" inataka kwenda "do" ameshapata somo ambalo mwanafunzi wa chuo cha muziki analipia ada.

Afu jazz yenyewe imetokea wapi? New Orleans, mji wa bendi za matarumbeta za paredi na mazishi. Louis Armstrong alifundishwa koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta, kwenye bendi ya shule ya watoto watukutu alikopelekwa akiwa mdogo, mwaka 1913. Hugh Masekela wa Afrika Kusini tarumbeta yake ya kwanza alipewa na padri, Trevor Huddleston, akaingia kwenye bendi ya shule. Abdullah Ibrahim wa Cape Town amekulia ndani ya nyimbo za kanisa la AME, la Wamethodisti weusi lililotoka Marekani, na hao wawili walikuwa pamoja kwenye bendi ya Jazz Epistles mwaka 1959. Sasa mtu anakuja kuniambia kanisa na jazz ni mbali.

Kama unataka mfano wa juzi juzi angalia Snarky Puppy, bendi ya Marekani. Michael League aliianzisha 2004 akiwa mwanafunzi wa jazz chuo kikuu cha North Texas kule Denton, wenzake wa mwanzo wote watoto wa chuo. Bendi ikaja kubadilika walipoanza kupiga na wanamuziki wa Dallas mji wa jirani, watu wa makanisani na wa R&B, wanaojua kumsubiri mwimbaji na kumfuata popote anapoenda bila kuhesabu. Ukisikia ule mdundo unavyokaa nyuma kidogo, hiyo haijatoka darasani. Na Grammy yao ya kwanza 2014 haikuwa ya jazz, ilikuwa ya R&B, wakiwa na mwimbaji Lalah Hathaway. Jazz wameisomea, tuzo wakapewa mlango wa pili.

"Morogoro Jazz, NUTA Jazz, hawa walikuwa wanapiga jazz ya Wamarekani"

Hapana bwana. Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1930, Morogoro Jazz ya 1944, NUTA Jazz ya 1964, jina jazz lilimaanisha bendi ya dansi ya kisasa yenye magita na matarumbeta, basi. Ndani mlikuwa na rumba na cha cha cha kutoka kwenye santuri za Cuba, na ngoma za kwetu zilizogeuzwa kuwa mtindo. Ila wale wanaosema "kwahiyo hao hawahesabiki kwenye mambo ya jazz" nao wanakosea kwa upande wa pili. Mchanganyiko ndo walikuwa wanaufanya kila Jumamosi, tena bila kuuita mchanganyiko. Na matarumbeta yenyewe yalishapita kwenye beni, ile ngoma ya kuigiza bendi za jeshi iliyoanzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikapanda bara na maaskari, mpaka Ziwa Nyasa ikawa mganda, na upande wa Malawi malipenga, ambapo watu waliokuwa hawana pesa ya tarumbeta walitengeneza zao kwa vibuyu na utando wa buibui ili ile sauti itetemeke. Ubunifu wa hivyo ukiufanya Berlin leo unapewa ufadhili.

"Mchanganyiko ni kila mtu apige cha kwao"

Ukifanya hivyo unapata kelele, nimezisikia nyingi. Mulatu Astatke, mzaliwa wa Jimma Ethiopia, alipelekwa Wales kwa nia ya kusomea uhandisi, akageukia muziki, akapita London na chuo cha muziki cha Berklee kule Boston. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzilinda zile skeli za sauti tano za kwao huku chini anaweka kodi za jazz (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinazotumia sauti zote kumi na mbili, maana ukiweka kodi ovyo ile ladha ya Kihabeshi inakufa hapohapo. Lazima uchague ipi ikae kimya.

McLaughlin tena, miaka ya sabini, akaunda Shakti na Wahindi watatu: Zakir Hussain wa tabla, zile ngoma mbili ndogo za mkono, L. Shankar wa violini na Vinayakram anayepiga ghatam, mtungi wa udongo kabisa. Mtu anasema "Mzungu mmoja na Wahindi". Kumbe Zakir alikuwa wa muziki wa kaskazini mwa India, wenzake wawili wa kusini, na hizo ni shule mbili zenye hesabu tofauti za mapigo, kwahiyo Wahindi wenyewe walikuwa wanajifunza kukutana. Ni kama mtu wa Dar anavyotuona wa huku wote kitu kimoja, wakati ukimpa Mnyakyusa wa ing'oma na Mhehe wa Kalenga wapige pamoja, nusu saa ya kwanza itaishia kutafuta wapi pa kuanzia kuhesabu.

"Kama hukuanza mtoto, sahau"

Fupi tu. Tony Allen, yule wa drams wa Fela Kuti, alianza drams akiwa na miaka 18, anafanya kazi ya ufundi redioni Lagos, anawasikiliza wapiga drams wa jazz wa Marekani, Max Roach na Art Blakey, kwenye sahani na kuwachanganya na highlife. Kwahiyo wewe wa Mwanjelwa mwenye miaka 22 na kinanda cha kuazima, jirani akikuambia umechelewa mwambie akupishe mlangoni, una mazoezi.